Bwana afya akiingia leo saa nne asubuhi: mwongozo kwa wenye migahawa ya Moshi

Mara ya kwanza bwana afya alipoingia jikoni kwangu hakuangalia sufuria wala sakafu. Alichukua chupa ya tomato iliyokuwa mezani, akafungua kifuniko, akanionyesha mdomo wake. Kulikuwa na ukoko mweusi umekauka pale tangu haijulikani lini. "Hii mnaiosha lini, mama?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunaijazia tu kutoka kwenye dumu. Halafu akaweka kipimajoto chake ndani ya friji, akafunga mlango, akaendelea kuandika. Alipokitoa kilisoma nyuzi 11. Ni friji ile ile niliyokuwa nikiisifia kwa majirani kwamba inagandisha kweli kweli, kumbe vijana walikuwa wanaifungua kila dakika kutoa soda.

Mgahawa wenyewe ulikuwa na viti 24, mwendo wa dakika tano kutoka stendi kuu. Tulipewa karatasi yenye makosa saba na siku 14 za kuyarekebisha. Matano yalirekebika kwa sabuni na shilingi elfu chache. Mawili yalinichukua miezi, kwa sababu hayakuwa makosa ya uchafu, yalikuwa makosa ya saa na joto la chakula kilichokwisha kupikwa.

Ndiyo maana mwongozo huu haukuanzia kwenye kupaka rangi ukuta. Mkaguzi anakaa kwako saa moja, pengine mara moja au mbili kwa mwaka. Kinachomwangusha mteja hutokea kati ya chakula kuepuliwa na kufika kwenye sahani, na muda huo mkaguzi yuko ofisini kwake. Mtu wa kukagua hapo ni wewe.

Makaratasi, tuyamalize haraka

Nunua faili moja la kamba. Ndani yake weka leseni ya biashara (siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI), TIN yako ya mlipakodi, vyeti vya afya vya wafanyakazi, karatasi za ukaguzi zilizopita, na risiti za kupuliza dawa ya wadudu. Faili likae kaunta. Usiliweke nyumbani kwa usalama, maana siku likitakiwa wewe utakuwa Mbuyuni sokoni na dada wa kaunta atabaki anaangalia dari.

Bwana afya anafanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na kwa Moshi mjini yupo chini ya halmashauri ya manispaa. Mtasikia watu bado wanasema "TFDA watakuja", yaani ile Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 chombo hicho kilibadilika kikawa TMDA, kikabaki na dawa na vifaa tiba, na udhibiti wa chakula ukahamia TBS, shirika la viwango. Kama unataka kufungua mgahawa mpya, usianze na fundi wa vigae. Anza na afisa afya wa kata yako, mwombe aje aone chumba kabla hujamwaga zege. Ushauri wake wa siku hiyo ni rahisi kuliko kuvunja ukuta baadaye kwa sababu choo kimefunguka kuelekea jikoni.

Vyeti vya afya si mapambo

Kila anayegusa chakula anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita. Wenye migahawa wengi wanachukulia hili kama kodi nyingine: mpe dada hela, aende, alete karatasi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, na siku ile vyeti viwili vilikuwa vimeisha muda. Kilichonibadilisha ni kuelewa kinachotafutwa.

Mtu anaweza kubeba vijidudu vya taifodi miaka na miaka bila kuumwa hata kichwa. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Mary Mallon, mpishi wa New York. Mwaka 1907 aligundulika kuwa ndiye chanzo cha taifodi kwenye familia alizokuwa akizipikia, naye mwenyewe mzima wa afya. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 akakutwa anapika hospitalini, kwa jina jingine. Hakuwa na roho mbaya, hakuamini tu kwamba mtu asiyeumwa anaweza kuugulisha wengine. Ukimuuliza dada wa jikoni wako leo atakwambia vile vile.

Kuna na mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe, na hapa kaskazini tunapopenda kitimoto lazima tuzungumze. Ukila nyama yenye malengelenge, vile vijipunje vyeupe vinavyofanana na mchele, na haikuiva vizuri, unapata tegu tumboni. Hiyo ni nusu ya habari. Mwenye tegu anatoa mayai chooni. Asiponawa, mayai yanahamia kwenye kachumbari, na anayeyameza anaweza kupata malengelenge hayo mwilini mwake, hata kwenye ubongo, na mojawapo ya matokeo yake ni kifafa. Kwa hiyo mgahawa usiouza nguruwe kabisa unaweza kumpa mteja ugonjwa wa nguruwe kupitia mkono wa mkata nyanya. Choo na sabuni ndivyo vinavyosimama katikati.

Andika tarehe za vyeti kwenye kalenda ya ukutani, mwezi mmoja kabla ya kuisha. Wapeleke wawili wawili ili jiko lisibaki tupu. Na anayeharisha au kutapika arudi nyumbani, umlipe siku yake. Usipomlipa ataficha, atakuja kukanda chapati.

Nunua kipimajoto leo, kabla ya kitu kingine chochote

Unahitaji viwili: cha kukaa ndani ya friji, na chenye sindano cha kuchoma kwenye chakula. Namba za kukariri ni chache. Friji isizidi nyuzi 5. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Chakula cha moto kinachosubiri wateja kikae juu ya 60. Nyama na kuku vifike 75 katikati, si pembeni. Kati ya 5 na 60 ndipo bakteria wanapozaliana, na wakipata joto wanalolipenda wanaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20 hivi.

Kukipima kipimajoto chenyewe kuna mtego wa huku kwetu. Maelekezo ya kwenye boksi yatakwambia ukitie kwenye maji yanayochemka, kisome 100. Moshi tuko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Arusha, takriban mita 1,400, ni kama 95. Nilimrudishia muuzaji kipimajoto kizima kwa sababu hii, nikagombana naye bure. Tumia barafu: ponda, jaza glasi, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika chache. Kisome sifuri. Barafu haijali mlima.

Friji ya soda itenganishwe na friji ya chakula. Kama huna uwezo wa mbili, soda zikae kwenye kasha la barafu kaunta. Kwangu kosa la nyuzi 11 liliisha siku hiyo hiyo kwa njia hii, sikumwita hata fundi. Nyama mbichi ikae chini kabisa ndani ya beseni lenye mfuniko, vilivyopikwa juu. Umeme ukikatika usifungue mlango: friji iliyofungwa hubeba baridi kama saa nne, friza iliyojaa hadi siku mbili. Andika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi.

Wali na maharage, hapa ndipo tunapoangushana

Watu wakiumwa tumbo wanalaumu nyama. Mimi naogopa zaidi wali wa jana.

Mchele una bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa sufuriani vuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu. Sumu hiyo haiondoki ukipasha moto. Utapasha mpaka moshi utoke, mteja atatapika ndani ya saa moja hadi sita. Ule usemi wa "kiporo ukikipasha vizuri hakina neno" hauna ukweli kwa wali uliolala juu ya meza.

Dawa yake ni kupika kidogo kidogo. Zamani tulikuwa tunapika sufuria moja kubwa saa nne asubuhi, tunafukia na makaa, tunauza hadi saa kumi. Sasa sufuria ya kwanza inaiva saa tano na nusu, ya pili saa saba, na wa kuuza unakaa kwenye hotpoti, si sufuriani. Mkaa unaongezeka kidogo, siwezi kusema uongo. Ila wali wa saa tisa unauzika kwa sababu ni mpya, na wateja wa stendi wanalijua hilo kuliko bwana afya.

Maharage yana mtego mwingine. Sufuria ya lita 20 ikiepuliwa saa mbili usiku na kuachwa pale pale jikoni na mfuniko wake, katikati inabaki vuguvugu hadi alfajiri, hata Julai tunapovaa masweta. Ukiigusa pembeni unadhani imepoa. Choma kipimajoto katikati uone mwenyewe. Supu nzito, rosti, mtori, machalari na ndizi nyama vinaingia kundi hili hili, maana uzito unashikilia joto.

Fanya hivi. Ukishaepua tu, gawanya kwenye madeli mapana, kina kisizidi sentimita 5, yaani vidole vitatu vilivyolazwa. Yaweke madeli ndani ya beseni la maji baridi, badilisha maji yakipata moto, koroga kwa mwiko safi. Lengo ni kushuka kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Yakifika 21 yaingie friji, mfuniko ukiwa umelegezwa mpaka yapoe. Kesho yake toa deli moja, lichemke hadi litokote, litumike, likibaki limwagwe. Hakuna kiporo cha kiporo.

Watumishi watalalamika kwamba ni kazi. Ni kazi kweli, kama dakika 40 za mtu mmoja mwisho wa zamu, na nimeilipia.

Nyama na gogo lake

Nunua kwenye bucha lenye nyama iliyopita machinjio, uone muhuri wa mkaguzi mwilini mwa nyama, uombe risiti na uiweke kwenye faili. Nyama ya bei ya kutupa inayoletwa usiku na bodaboda usiiulize hata kilo. Inaweza kuwa kibudu, na huku kwetu mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta.

Kosa kubwa lakini liko kwenye nyama choma, na wanaolifanya ni mafundi hasa. Simama pembeni ya jiko la choma Jumamosi jioni uangalie. Mchomaji anachukua mbavu mbichi za mbuzi, anazipasua kwenye gogo kwa panga, anazitupa kwenye wavu. Mteja wa meza namba tatu anaita. Mchomaji anatoa mguu ulioiva, anauweka kwenye gogo lile lile lenye damu, anaukatakata kwa panga lile lile, anamwagia chumvi na pilipili pembeni, unaondoka. Moto ulifanya kazi saa nzima, gogo limeivuruga kwa sekunde tano.

Suluhisho ni magogo mawili na mapanga mawili, na yawe mbali kiasi kwamba ni uvivu kuyachanganya. Nilipaka mpini wa panga la mbichi rangi nyekundu. Koleo la kugeuzia mbichi nalo lisitumike kutoa iliyoiva.

Kuku: vitabu vingi vinasema usioshe kuku mbichi kwa sababu maji yanarusha vijidudu. Sawa kwa kuku wa kwenye mfuko. Wa kienyeji uliyemchinja na kumnyonyoa mwenyewe ataoshwa tu, tusidanganyane. Basi aoshwe kwenye beseni la chini, nje au kona ya mbali, bila kufungulia bomba kwa nguvu, na asubuhi kabla kachumbari haijaanza kukatwa. Kisha beseni, kisu na mahali pale pasuguliwe kwa sabuni na klorini.

Maji, mikono na kachumbari

Ndoo yenye koki na sabuni ya maji viwe sehemu mbili: kwa wateja, na jikoni kwa wapishi. Bwana afya anaangalia zaidi ile ya jikoni. Mhudumu anayemwagia mteja maji ya moto kwa jagi anafanya jambo zuri, halafu anaharibu kwa taulo moja linalozunguka meza zote tangu asubuhi. Litoe. Karatasi, au mkono ukauke kwa hewa.

Tangi la maji lisuguliwe na kufunikwa. Maji ya kunywa na ya juisi yachemshwe au yatiwe dawa. Wenzangu wa upande wa Mlima Meru wakumbuke kwamba kuchemsha hakuondoi madini ya floridi, huko uliza chanzo cha maji yako.

Klorini watu wanaikadiria kwa macho, ndiyo maana huku inanuka na kule haifanyi kazi. Ukinunua ile ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na rangi wala manukato, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji kinatosha kwa vibao, visu na meza zilizokwisha kuoshwa kwa sabuni. Uchafu ukiwepo dawa inaisha nguvu kwenye uchafu. Kwa nyanya, hoho na matango ya kachumbari, nusu kijiko cha chai kwa lita, dakika tano, kisha suuza kwa maji ya kunywa. Usichanganye klorini na dawa ya choo, mvuke wake unakaba pumzi.

Kachumbari ikatwe mara mbili kwa siku na ikae kwenye friji. Anayekata awe na kucha fupi, asiwe na pete, na asiwe na kidonda mkononi, kwa sababu kwenye usaha kuna bakteria ambao sumu yao nayo haisikii moto. Chupa za tomato na pilipili zimalizike, zioshwe, zikauke, ndipo zijazwe. Unajua kwa nini nasisitiza hili.

Wadudu sina mengi: wavu madirishani, mfuniko kwenye pipa, mchele na unga kwenye madebe juu ya mbao, na pengo la chini ya mlango wa stoo lizibwe. Panya hahitaji zaidi ya upana wa kidole gumba.

Daftari

Daftari la kawaida la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi. Ukurasa mmoja kwa siku. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

Jumanne. Friji asubuhi 4, mchana 8 (mlango uliachwa wazi, tumelizungumza), usiku 4. Wali: sufuria 5:30, ya pili 7:10, uliobaki sahani tatu, umemwagwa. Maharage: yameepuliwa 2:05 usiku, beseni 2:15, nyuzi 20 saa 3:50, friji. Mhudumu wa zamu kajikata kidole, yuko kaunta. Umeme ulikatika 9:20 hadi 10:05.

Angalia hiyo 8 ya mchana. Kijana aliyeiandika alitaka kuandika 5 ili isinikasirishe. Nilimwambia daftari lenye 4 kila siku kwa mwezi mzima hakuna anayeliamini, mimi wa kwanza. Mkaguzi mzoefu anatafuta siku mbaya na kilichofanyika baada yake.

Siku yenyewe

Akifika, mwombe kitambulisho kwa adabu, mkaribishe, mpe koti na kofia kama unavyo. Usitume kijana akimbie kuficha ndoo, atamwona. Zunguka naye wewe mwenyewe au mpishi mkuu, na kalamu mkononi. Akisema kitu usichokielewa, muulize, "Ungependa nikifanyeje?" Wengi wao wanapenda kufundisha kuliko kuandika faini.

Usibishe mbele ya wateja. Kama unaona amekosea, andika maelezo yako kwenye karatasi yake kabla ya kusaini, au peleka barua ofisini. Omba nakala. Kukiwa na malipo yoyote, yalipwe kwa namba ya malipo ya serikali upate risiti. Soda ya kupooza koo ni ukarimu, bahasha ni kitu kingine, na ukiitoa mara moja utakuwa umeweka ada.

Jioni ile ile kaa na watumishi, soma makosa kwa sauti, kila kosa lipate mtu na tarehe. Piga picha kabla na baada. Usisubiri siku zako ziishe. Yakikamilika nenda ofisini kwake umwombe aje. Kwenye rekodi yako itasomeka kwamba ulirekebisha kabla ya muda, na hiyo inakusaidia siku mambo yakiharibika.

Mteja akirudi analalamika tumbo

Msikilize kwanza. Andika alikula nini, saa ngapi, alianza kuumwa saa ngapi, na nani mwingine alikula. Saa ndizo zinazosema mengi. Kutapika ndani ya saa sita kunaelekea kwenye sumu, kama ile ya wali. Tumbo kukata na kuharisha saa 8 hadi 16 baadaye kunanukia sufuria nzito iliyopoa polepole. Anayekwambia "nimekula kwako jana, leo nimepimwa nina taifodi" hakuipata jana kwako, taifodi huchukua kwa kawaida wiki moja hadi tatu kujitokeza. Lakini usimjibu hivyo mlangoni kama hakimu. Mwombe aende kituo cha afya, chukua namba yake.

Hapa ndipo kile kitu cha mwisho nilichoanzisha kinapofaa: kila siku chota kijiko kikubwa cha kila chakula kwenye kimfuko safi, andika tarehe na saa, weka kwenye friji siku tatu, kisha tupa. Wakilalamika wawili au zaidi kutoka mlo mmoja, acha kuuza chakula hicho, usioshe sufuria, na mpigie bwana afya wewe kabla hajapigiwa na mtu mwingine. Atakapofika mpe vimifuko, daftari, na orodha ya waliokuwa zamu siku ile.